Seivu za wateja zimepotea, na flashi niliyonayo inakataliwa

SWALI

Anti, shikamoo.

Mimi ni kijana wa Pasua, hapa Moshi. Nina kibanda cha gemu, kidogo tu, mbao pembeni na bati juu, lakini ndicho kinacholipa kodi yangu na ada ya mdogo wangu. Nina mashine mbili za gemu za PlayStation 4 (PS4) nilizonunua zikiwa zimeshatumika, na kompyuta moja ya mezani. Wateja wengi ni wa mechi: wawili wanakaa, aliyefungwa anainuka, anayefuata anashika pedi. Hao hawanipi shida, mechi ikiisha imeisha.

Shida yangu ni wale wa ligi. Nina watu wazima na wanafunzi ambao hawanunui mechi, wananunua saa. Wanacheza Master League, ligi iliyo ndani ya gemu ya mpira ya PES 2021, kila mtu na timu yake. Anasajili, anauza, anakuza vijana, msimu hadi msimu. Hiyo ndiyo hela yangu ya katikati ya wiki, maana Jumanne mchana mtu wa mechi humpati. Ligi zote zilikuwa kwenye mashine moja, chini ya jina moja la mtumiaji, lile lililokuwemo tangu naletewa mashine kutoka Dar.

Mwezi uliopita umeme ulikatika mtu akiwa katikati ya kuseivu. Uliporudi, mashine ikawa inawaka, inaandika kwamba haikuzimwa vizuri, inaanza kujikagua, inazima. Nikaipeleka kwa fundi, akasema dawa yake ni kufomati. Kweli ilipona. Ila ndani ilirudi tupu.

Sikukata tamaa kwa sababu nilikuwa na flashi. Siku za nyuma niliwahi kunakili seivu zote humo. Nimeichomeka, PS4 haizikubali. Nimejaribu mashine ya pili, nayo haizikubali. Nikiichomeka kwenye kompyuta mafolda nayaona yamejaa tele. Sasa yamejaa nini kama hayafunguki?

Halafu wiki iliyopita yamenikuta tena, safari hii kwenye kompyuta. Kuna kijana mmoja wa kidato cha nne anacheza Football Manager 2024, gemu ya kuongoza timu ya mpira. Umeme ukakatika akiwa anaseivu, faili lake halifunguki tena. Hapo nilikuwa nimejipanga, Anti, maana folda lote la seivu nililiunganisha na hifadhi ya mtandaoni inayojipakia yenyewe. Nikaenda kuchukua nakala ya mtandaoni. Nayo mbovu vilevile.

Wateja sasa. Yupo dereva wa bodaboda, mtu mzima, kila jioni akishusha abiria wa mwisho alikuwa anapita kwangu. Anasema nimrudishie hela za saa zote alizocheza, maana kazi yake imepotea mikononi mwangu. Wengine wamemsikia na wao wameanza. Yule wa kidato cha nne hasemi kitu, anakuja anakaa kwenye benchi anaangalia wenzake, na huyo ndiye anayeniumiza kuliko wote.

Nisaidie. Kuna chochote kinachoweza kurudi? Nihifadhije isijirudie, bila kumaliza bando? Wananidai kweli? Na nilikuwa naweka akiba ya PS5, je, nikiipata hili tatizo litaisha?

Mwenye kibanda, Pasua.

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Naanza na huyo kijana wa benchi, kwa sababu katika yote uliyoniandikia, ligi yake ndiyo ambayo kila siku inayopita inapunguza nafasi ya kuipata. Mengine yanaweza kusubiri ukimaliza hili.

Hukuniambia hifadhi yako ya mtandaoni ni ipi. Kama ni Google Drive, achana na ile programu iliyo kwenye kompyuta. Fungua tovuti yake kwenye kivinjari, ingia kwa akaunti yako, litafute faili la ligi, lile ambalo jina lake linaishia na .fm, kisha fungua menyu ya faili hilo na utafute palipoandikwa "Manage versions". Utakuta faili hilohilo katika hali zake za nyuma, kila moja na tarehe na saa yake. Google hutunza hali hizo kwa siku 30, au hadi zifike 100, halafu huanza kuzifuta. Umeme ulikatika wiki iliyopita, kwa hiyo ya siku moja kabla ina kila sababu ya kuwepo bado. Ishushe, ibadilishe jina isigongane na ile mbovu, iweke kwenye folda la "games" ambalo liko ndani ya Documents, Sports Interactive, Football Manager 2024. Mwite kijana aifungue mwenyewe.

Kama ni OneDrive, tafuta "Version history". Huko akaunti ya kawaida ya mtu binafsi inakumbuka hali 25 za mwisho, na hapa ndipo pa kuwa mwangalifu: hesabu ni ya mara ambazo faili limebadilika, si ya siku. Football Manager ikiachwa ijiseivu yenyewe kila mara juu ya jina lilelile, hizo 25 zinaisha upesi. Mpaka umeitoa nzima, asiguse mtu hilo jina.

Sasa elewa kwa nini nakala yako ya mtandaoni iliharibika, maana ukilielewa hili nusu ya barua yako imejibiwa. Programu inayojipakia yenyewe kazi yake ni kufananisha. Faili likibadilika kwenye kompyuta, inalibadilisha mtandaoni dakika hiyohiyo. Ukilifuta, inalifuta. Umeme ukiliharibu, inapakia lililoharibika, kwa utiifu kabisa. Ni kioo, mwanangu, na kioo hakikutunzii sura ya jana. Kinachomwokoa kijana wako leo ni ile akiba ya hali za nyuma, ambayo wenye huduma wameiweka pembeni na ambayo wengi hawajui kama ipo. Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, nayo ina tabia hiyo kwa gemu zinazotumia hifadhi yake: ukifunga gemu inapakia kilichopo, kizuri au kibaya. Siku ikikuuliza uchague kati ya seivu ya kwenye kompyuta na ya mtandaoni, usibonyeze haraka ili mteja asisubiri. Soma tarehe za zote mbili kwanza, maana ile usiyoichagua inafunikwa.

Twende kwenye PS4, na hapa nina habari mbaya na nyingine nusu.

Mbaya ni kwamba kilichokuwa ndani ya mashine iliyofomatiwa hakirudi. Hadidiski ya PS4 huandikwa kwa siri ambayo ufunguo wake uko kwenye mashine yenyewe, kwa hiyo hata fundi mwenye programu za kufufua mafaili ya kompyuta atakula hela yako bure. Akija mtu anakwambia anaweza, mpe chai aende.

Ila kwa siku zijazo, jua kwamba kati ya mashine iliyogoma na kufomati kuna ngazi katikati. PS4 ikiwa imezimwa, bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie kama sekunde 7, mpaka isikike mlio wa pili. Unganisha pedi kwa waya. Utaona orodha ya mambo saba. La tano ni "Rebuild Database": linapanga upya kumbukumbu za vilivyomo na haligusi seivu. La sita na la saba, yote yanaanza na neno "Initialize", ndiyo yanayofuta kila kitu. Mashine iliyokatikiwa umeme na sasa inajikagua bila kumaliza, namba tano ndiyo dawa ya kwanza kujaribiwa. Bandika karatasi ukutani: hakuna kufomati kabla ya namba tano, na fundi yeyote asome. Simlaumu wako. Fundi aliletewa mashine haiwaki akairudisha inawaka. Hakuna aliyemwambia kwamba thamani yake ilikuwa ndani ya ligi za watu.

Habari nusu ni ya flashi. Mafolda uliyoyaona huenda ni mazima kabisa. Seivu ya PS4 haiwi mali ya mashine, wala ya flashi, wala ya anayeshika pedi. Ni ya akaunti ya PlayStation iliyokuwa imeingia wakati inatengenezwa. Fungua flashi kwenye kompyuta: kuna folda la PS4, ndani yake SAVEDATA, ndani yake folda lenye jina refu la tarakimu na herufi. Jina hilo ndilo akaunti. PS4 ikiona mtumiaji aliyewashwa si huyo, haimpi kitu. Na wewe mwenyewe umeniandikia kwamba jina hilo lilikuwemo tangu unaletewa mashine. Maana yake ligi zote za Pasua zilikuwa zinaandikwa kwa jina la mtu wa Dar ambaye pengine ameshasahau kama aliwahi kuwa na PS4.

Kwa hiyo mpigie aliyekuuzia. Usimwombe nywila kana kwamba ni namba ya simu, mweleze ilivyo. Kama akaunti ni yake na anaikumbuka, mwombe akusaidie kuiingiza kwenye mashine moja. Ikishaingia, chomeka flashi, nenda kwenye mipangilio, "Application Saved Data Management", chagua seivu zilizo kwenye USB, zinakili kwenye mashine. Wenye ligi wataendelea chini ya jina hilo, na jina hilo lisifutwe kamwe, kwa sababu ukimfuta mtumiaji kwenye PS4 seivu zake zinafutika pamoja naye. Watakuwa wamerudi nyuma mpaka siku uliyonakili, lakini kurudi nyuma msimu mmoja si sawa na kuanza upya kabisa. Akikataa, au akawa haikumbuki, hapo ndipo mwisho wa njia. Lakini jaribu, ni gharama ya simu tu.

Kuna jambo moja zaidi la kukagua kabla hujamsumbua mtu. Angalia diski zako mbili za PES. Kila toleo la gemu ya PS4 lina namba inayoanza na CUSA na tarakimu tano. Gemu ileile iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya na ile ya Marekani zina namba tofauti, na kwa kawaida seivu ya moja haisomwi na nyingine hata akaunti ikiwa moja. Diski za mtumba zinazofika huku zinatoka kila mahali. Kama zako hazifanani, badili moja, la sivyo mashine zako mbili hazitaweza kusaidiana siku ya shida.

Nimekaa sana kwenye akaunti kwa sababu naona hapo ndipo tatizo lako lilipoanzia, umeme umekuja kumalizia tu. Zamani za PS2, iliyotoka mwaka 2000, seivu ilikaa kwenye kadi ya megabaiti 8, na kadi ikichomolewa mtu anaondoka na ligi yake mfukoni. Ilikuwa wazi ya nani. Sasa hivi seivu imejificha ndani ya mashine, na ukiwa na watu wengi chini ya mtumiaji mmoja ambaye si hata mmoja wao, hakuna nakala itakayokaa sawa: mmoja anaseivu juu ya mwenzake, na ukirudisha ya huyu unafunika ya yule.

PS4 moja inakubali watumiaji hadi 16. Kila mteja wa ligi afunguliwe wake, na kila mmoja afungue akaunti yake ya PlayStation, ambayo ni bure. Afungue kwa barua pepe yake, nywila aitunze yeye, wewe usiiandike kwenye daftari la kibanda. Aliye chini ya miaka 18 akaunti yake hufunguliwa chini ya mzazi au mlezi. Mwambie mama yake, usimfundishe mtoto kudanganya mwaka wa kuzaliwa, maana siku nywila ikipotea ndipo uongo huo utakapowarudia. Diski ikiwa ndani, mtumiaji yeyote wa mashine hiyo anacheza. Intaneti unaihitaji kwenye kufungua na kuingiza akaunti tu, kisha wanacheza bila bando. Na waingizwe kwenye mashine zote mbili, siyo moja.

Hapo kunakili kunakuwa kwepesi. Kila mteja wa ligi anunue flashi yake ndogo. Akimaliza saa zake, unanakili seivu yake, anaondoka nayo. Flashi iwe imefomatiwa kwa FAT32 au exFAT, vinginevyo PS4 haiitambui. Hiyo ni nakala yake, na wewe uwe na yako: mara moja kwa wiki, saa ya kufunga, nakili za wote kwenye flashi ya kibanda. Hutamaliza muda, seivu nyingi za gemu za mpira ni za megabaiti chache au makumi.

Sasa hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Ukinakili seivu ile ile kwenye flashi ile ile, mpya inakaa juu ya zamani. Ikiwa ya leo ilikuwa imeshaharibika bila wewe kujua, umeifuta nzima kwa mkono wako. Kwa hiyo flashi ikitoka kwenye PS4 iende kwenye kompyuta: tengeneza folda lenye tarehe ya leo, weka humo folda zima la PS4 kama lilivyo, bila kubadilisha majina ya ndani. Wiki ijayo, folda jingine na tarehe nyingine. Siku ukitaka kurudisha ya mwezi uliopita, unachukua folda la PS4 la tarehe hiyo unaliweka kwenye flashi, nje kabisa, si ndani ya folda jingine, kwa sababu mashine inalitafuta hapo nje tu. Ukifika folda la nane au la kumi, futa la kwanza.

Folda hilohilo la tarehe libane liwe faili moja na ulipandishe mtandaoni kwa mkono, nje ya lile folda linalojifananisha. Google hutoa gigabaiti 15 bure, ingawa zinagawanywa na barua pepe na picha zako. OneDrive hutoa 5. Kwa seivu za mpira utakaa muda mrefu kabla hujajaza, na bando la kupandisha mara moja kwa wiki ni dogo kuliko la video mbili unazotazama ukisubiri wateja. Football Manager ndiyo nzito, faili moja linaweza kufika megabaiti mia na zaidi, kwa hiyo ya kijana huyo peleka kwa flashi na upandishe mara chache. Pia ingia kwenye mipangilio ya gemu yenyewe, sehemu ya kuseivu, uchague iseivu kwa kupokezana mafaili badala ya kuandika juu ya moja. Hilo peke yake lingemwokoa.

Watu wa kompyuta wana kanuni wanayoiita 3-2-1: nakala tatu, kwenye vitu vya aina mbili, moja iwe mbali na hapo. Ukiangalia, umeshaifikia bila kujua: mashine, kompyuta, na mtandao. Flashi za wateja zinalala majumbani kwao, nyongeza. Hiyo ya mbali usiidharau, kwani mwizi wa kibandani hachukui PS4 akaacha flashi juu ya meza.

Flashi yenyewe isikudanganye. Sokoni na pale stendi zinauzwa zimeandikwa gigabaiti 512 kwa bei ambayo mwenye akili anapaswa kucheka. Nyingi za hivyo ndani zina nafasi ndogo sana, ila zimefundishwa kusema uongo: zinapokea mafaili, zinaonyesha majina, ukifungua ndani hamna kitu. Kabla hujaiamini, iweke kwenye kompyuta uipime kwa programu ya bure inayoitwa H2testw. Inaijaza data flashi yote, kisha inaisoma tena na kukuambia ngapi ni za kweli. Fanya hivyo flashi ikiwa tupu. Itachukua muda, iache ifanye wakati unauza mechi.

Na nakala ambayo haijawahi kurudishwa usiihesabu kuwa nakala. Una bahati ya kuwa na mashine mbili, itumie. Mara moja kwa mwezi chukua seivu ya mteja mmoja, irudishe kwenye mashine ya pili chini ya jina lake, ifungue, angalia kama wachezaji na msimu ni sahihi. Usijaribie kwenye mashine anayochezea, utamfunika ya leo kwa ya juzi. Ungefanya jaribio hili mara moja na ile flashi ya mwanzo, ungejua mapema kwamba akaunti si yako, wakati mashine bado ni nzima.

Umeme sitausema sana, unajua kuliko mimi. Tafuta UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika, hata iliyotumika ambayo umebadilisha betri. Hutafuti ya kuendelea kucheza, unatafuta dakika chache za kuseivu na kuzima. Usiache PS4 katika hali ya kusinzia usiku, izime kabisa, kwa sababu umeme ukikatika ikiwa imesinzia nayo inahesabu kwamba haikuzimwa vizuri. Wakati wa masika, radi zikianza kuzunguka mlimani, chomoa na nyaya kwenye soketi.

Sasa deni. Naona dereva wako wa bodaboda ana haki ya kuwa na hasira, lakini hana haki ya kurudishiwa saa. Alinunua saa za kucheza na alizicheza, jioni baada ya jioni. Kitu ambacho hukumuuzia wala hukumwahidi ni kumtunzia seivu. Hata hivyo usiende kumwambia hivyo ukiwa umesimama mlangoni mbele ya wenzake. Mkalishe pembeni, yeye ni mkubwa kwako, mwombe radhi kwa heshima, mweleze suala la akaunti ya Dar na unavyolifuatilia. Kisha mpe saa kadhaa za bure za kuanzia upya, yeye na kila mwenye ligi, kiasi kimoja kwa wote ili pasiwe na manung'uniko mengine. Fedha taslimu usitoe. Ukianza na mmoja hutamaliza, na hela hiyo ndiyo ya UPS. Jua pia kwamba hawagombei mchezo tu. Konami, wenye gemu hiyo, walipoigeuza PES kuwa eFootball mwaka 2021, Master League haikuwemo. Wanaoipenda wamebaki na hiyo PES 2021, na kibanda chako ni kati ya sehemu chache wanapoweza kuikuta. Hawatahama kirahisi kama wewe unavyoogopa.

Kuanzia sasa andika ukutani, kwa maneno machache: seivu ni ya mteja, anaondoka nayo kwa flashi yake, kibanda kinaweka nakala ya ziada kila wiki kwa nia njema, bila kudaiwa. Anayetaka ligi na hataki flashi, acheze mechi.

Kuhusu PS5, fikiria vizuri. Seivu za gemu za PS5 zenyewe hazitoki kwa flashi moja moja. Ama ulipie PlayStation Plus zikae mtandaoni kwa Sony, ama uchukue nakala ya mashine nzima kwenye diski ya nje, na ukitaka kurudisha, mashine yote inafutwa kwanza ndipo nakala iingie. Kwa nyumbani inavumilika. Kwa kibanda chenye wateja kumi wa ligi, kumrudishia mmoja wao msimu wake maana yake ni kuwarudisha nyuma wote kumi. Gemu za PS4 ukizichezea ndani ya PS5, seivu zake bado zinanakilika kwa USB kama kawaida, na PES 2021 ni mojawapo. Ukiinunua, iweke ya mechi, ndiyo itakayovuta watu kwa picha zake. Wenye ligi waache kwenye PS4 zako mbili, na usije ukauza hata moja kati ya hizo ili kujazia bei.